Kiberiti na Ukingo wa Udongo

Kila Ijumaa akitoka shule, Kiberiti alifua sare, akaianika, kisha akaketi kizingitini kusugua raba zake za netiboli kwa mswaki mkuukuu. Jina la Kiberiti alipewa na mjomba wake tangu akiwa mdogo, kwa sababu ukimgusa tu anawaka. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, mfungaji tegemeo wa timu ya shule, na bado alikuwa akiwaka vilevile.

Ijumaa hiyo alikuta kamba ya nguo imeshikwa. Hema kubwa la kijani lilikuwa limetandazwa juu yake, linapigwa na upepo. Baba yake, fundi wa magari, alikuwa amepiga magoti chini akikagua vigingi vya hema kimoja kimoja kwa mikono yenye grisi.

"Sare yangu nitaianika wapi?" Kiberiti aliuliza.

"Salamu kwanza."

"Shikamoo, Baba. Sare yangu nitaianika wapi?"

"Marahaba. Itundike mlangoni. Kesho alfajiri tunapanda mlimani, familia nzima. Tunakwenda kujitolea kuchonga njia. Tunalala huko, Jumapili jioni tunarudi."

Kiberiti akasimama. Raba moja ikamdondoka. "Kesho ni fainali."

Baba yake aliinua uso polepole. Ilikuwa wazi kwamba alikuwa amesahau, na kwamba hakutaka ionekane amesahau. "Nimeshatoa neno," alisema. "Kila familia ya mtaa huu ina kipande chake. Siwezi kwenda kuwaambia watu tumeghairi kwa ajili ya mpira."

"Umetoa neno lako. Langu hukuniuliza."

"Shusha sauti."

"Sijaipandisha."

"Basi ishushe hivyo hivyo."

Mama yake akatoka ndani na mkoba wa bandeji mkononi. Alikuwa muuguzi wa zahanati, mtu wa maneno machache, na ndiye aliyekuwa akizima mioto ya nyumba ile. "Mvua zilizopita," alisema, "nimefunga miguu mpaka nikachoka, yote imetoka kwenye njia ile ya mlimani. Watoto wa mtaa wa juu wanapita pale kila asubuhi. Yule mlinzi wenu mrefu, mnamwitaje?"

"Twiga."

"Twiga naye anapita pale. Fainali ni saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Uwanja uko chini tu ya mlima. Baba watoto, kipande chetu kikiisha mapema, ashuke acheze, apande kabla ya giza. Kuna ubaya?"

Baba alifikiri, akajikuna kidevu, akajipaka grisi. "Sawa. Kikiisha. Lakini kiishe sawasawa."

Kiberiti alilishika neno la kwanza. La pili likampita kama upepo. Usiku ule aliziweka raba chini ya mto, akalala ameuma meno.

Jumamosi asubuhi mlima ulijaa watu. Mahema yalisimamishwa juu, kwenye uwanda wenye majani mafupi, watoto wadogo wakawekwa kuokota kuni, na waliobaki wakashuka na sururu, majembe na mabeleshi. Aliyewaongoza alikuwa Bibi Misitu, mwanamke mfupi mwenye buti zilizopauka na sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Alikuwa ameshika ufito mrefu, akausimamisha mbele yao.

"Upana wa njia ni ufito huu," alisema. "Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo watu huniudhi. Njia ya ubavuni mwa mlima hukatwa, haijazwi. Unaukata mlima kwa ndani mpaka ufito uenee kwenye ardhi ngumu. Udongo unaoutoa unautupa mbali, bondeni. Usiuache ukingoni ukasema nao ni njia. Udongo uliomwagwa ukiukanyaga leo utakuchekea. Mvua ikinyesha unakwenda, na wewe unakwenda nao. Nimeeleweka?"

"Umeeleweka," watu wakajibu.

Kiberiti naye alijibu, lakini macho yake yalikuwa kwenye jua, akilipima limebakiza safari gani.

Mjomba wake, ndugu wa mama, alikuwa fundi cherehani. Alifika mlimani amevaa suruali iliyonyooshwa mpaka mkunjo wake ukasimama kama upanga. Baba alipomwona alicheka kwa pua.

"Shemeji, umekuja kazini au umekuja kuoa?"

"Nimekuja kazini, shemeji. Ila nikifa huku nizikwe nikiwa nadhifu."

Watu wakacheka. Baba hakucheka sana. Siku nyingi alikuwa akisema, hata mbele ya mama, kwamba kazi ya kukaa kwenye kiti ni nusu ya kazi. Aligawa kipande chao papo hapo. Yeye na mama wachukue chini, Mjomba na Kiberiti wachukue juu.

Kwa saa za asubuhi mambo yalikwenda vizuri. Mjomba alikuwa polepole lakini hakosei. Alikata, akapima, akakata tena, huku akiimba kwa sauti mbovu makusudi ili kumchekesha mpwa wake. Kiberiti hakucheka. Alitupa udongo bondeni beleshi baada ya beleshi, akihema kama anagombana nao. Kisha mchana, karibu na mwisho wa kipande chao, sururu ya Mjomba ikagonga kitu, ikaruka, ikamtetemesha mpaka mabegani.

Walifukua. Kilikuwa kichwa cha mwamba, kimetokeza kutoka ndani ya mlima na kula nusu ya upana wa njia.

"Bwana mkubwa huyu," Mjomba alisema, akiugonga kwa kisigino. "Amekaa hapa tangu kabla ya babu zetu na hana mpango wa kuhama. Ngoja nikachukue mtaimbo kambini. Usihangaike naye peke yako, mjomba. Huyu tutamvunja wawili."

Akaondoka. Kiberiti akabaki na mwamba.

Kipande cha jirani kilikuwa cha familia ya mwanafunzi mwenzake waliyemwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima. Redio alikuwa ameketi juu ya beleshi akinywa maji.

"Kiberiti," alisema, "wenzako saa hizi wako uwanjani wanapasha misuli. Wewe unapasha mwamba."

"Nyamaza."

"Nimenyamaza. Nasema tu wameshamweka mwingine kwenye nafasi yako. Yule anayepiga mpira kama anafukuza nzi."

"Nimekwambia nyamaza."

"Si nimenyamaza jamani. Hata kuhurumiwa hutaki?"

Damu ilimchemka Kiberiti. Alimkasirikia Redio, akamkasirikia baba aliyetoa neno la watu wanne kwa mdomo mmoja, akamkasirikia mjomba kwa mwendo wake wa kobe, na zaidi ya wote akaukasirikia mwamba, uliokuwa umekaa pale bila kumjali. Kando yake kulikuwa na lundo la udongo ambao walikuwa hawajautupa.

Mikono yake ilianza kabla hajaamua. Aliuburuta udongo kwa jembe mpaka ukingoni, upande wa bonde, akaumwaga, akaukanyaga, akamwaga mwingine, akaukanyaga tena kwa hasira mpaka ukabana. Kichwa cha mwamba akakifunika kwa udongo na majani makavu, kikaonekana kama ubavu tu wa mlima. Redio wakati huo alikuwa ameitwa na mama yake. Kiberiti aliuchukua ufito akaulaza. Ulienea. Njia ilikuwa nzuri kuitazama, laini kuliko vipande vyote.

Mjomba alirudi na mtaimbo begani, jasho likimtiririka. Akasimama. "Bwana mkubwa yuko wapi?"

"Hakuwa mwamba," Kiberiti alisema. "Lilikuwa jiwe tu. Nimeling'oa, likaporomoka bondeni."

"Peke yako?"

"Nilikuwa na hasira."

Mjomba alimtazama, akautazama mtaimbo alioubeba kutoka kambini, akaangua kicheko. "Kumbe nalea mwanamke wa shoka. Shemeji! Njoo uone, kipande cha juu tayari."

Baba akaja, akapima kwa ufito, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Nenda," akamwambia bintiye. Kiberiti alikuwa amekwisha kuondoka kabla neno halijafika chini.

Walishinda. Yeye ndiye aliyefunga goli la mwisho, wakati kila mtu uwanjani amesimama, na wenzake wakambeba juu juu. Twiga alimpigia kelele sikioni mpaka likaziba. Ingekuwa siku nyingine, furaha ile ingemlevya wiki nzima. Lakini alipopanda mlima jua likizama, alifika pale penye ukingo laini, akajikuta anatembea upande wa ndani, bega likisugua mlima, bila kuambiwa na mtu.

Kambini Mjomba alikuwa amemtunzia chakula kwenye sahani iliyofunikwa. Alikuwa pia amekwisha kuwasimulia watu wote jinsi mpwa wake alivyong'oa jiwe kubwa kama ng'ombe. "Mikono mitupu," alisema, akionyesha kwa mikono yake. "Mimi nafika na mtaimbo wangu, naona aibu hata kuushusha."

Kiberiti alikula kama anameza kokoto.

Watu walipolala mvua ikaanza. Ilinyesha kwa nguvu, ikapiga hema kama mtu anayedai kufunguliwa. Kiberiti alijifunika gubigubi. Aliikasirikia mvua nayo.

Asubuhi anga lilikuwa limetakata. Baba aliamka kabla ya wote, akashuka kwenda kuona kama kipande chao kilikuwa na madimbwi. Mama alimfuata na birika la chai. Kiberiti alikuwa anatoka hemani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, aliposikia birika likigonga mawe, kisha sauti ya mama yake, fupi, kama ya mtu aliyekatizwa maneno.

Watu wa kambini walipofika, mama alikuwa chini ya njia, ameshikilia kichaka, chai ikimchuruzika kwenye kanga. Ukingo ulikuwa umemkatikia miguuni, ukaondoka mzima mzima. Mahali palipokuwa na njia laini palibaki mwanya kama jino lililong'oka, na upande wa ndani mwamba ulikuwa umeoshwa na mvua ukang'aa, unawatazama.

Baba na Mjomba walimpandisha. Mama alijipapasa kifundo cha mguu mwenyewe, akiuma mdomo. "Haujavunjika," alisema. "Umetenguka. Nipeni mkoba wangu." Kifundo kilikuwa kimevimba hata alipokuwa anasema.

Bibi Misitu akaja akipenya kati ya watu. Aliinama, akashika bonge la udongo, akalipondaponda kwa vidole, na uso wake ukabadilika. "Hapa pamejazwa," alisema. "Mvua haikukosea. Mtu amejaza udongo, akaufunika mwamba kwa majani. Alijua anachofanya, akaficha. Nani alifanya kazi hapa?"

Mjomba alikuwa anautazama mwamba. Aliutazama muda mrefu, kisha akageuza shingo na kumtazama Kiberiti, mara moja tu, halafu akaondoa macho. Kiberiti alijua kwamba amejua.

"Mahali hapa palikuwa pangu," Mjomba alisema.

Baba aligeuka. "Pako?"

"Pangu."

"Na ulisimama hapa jana ukaniita nije nione, usiku ukatusimulia uongo wa jiwe?"

"Nilikuita."

"Ningetegemea nini?" Baba alisema, na sauti yake ikapanda mpaka familia za juu zikaanza kushuka kutazama. "Mtu amekaa kwenye kiti maisha yake yote, anakanyaga pedeli. Kazi yako ni kuficha nyuzi kwa ndani ili nje paonekane pazuri. Ndivyo ulivyofanya hapa. Umeficha nyuzi, dada yako akaanguka."

"Shemeji, suruali uliyovaa nimeishona mimi," Mjomba alijibu, taratibu, lakini mishipa ya shingo ilikuwa imesimama. "Una mwaka wa ngapi nayo unalala chini ya magari? Imefumuka wapi?"

"Nakuuliza habari za mguu wa mke wangu, unaniambia suruali?"

"Umenitukania kazi, nimekujibu kazi. Mengine sikujibu, kwa sababu nikikujibu tutavunja undugu." Akageuka, akaanza kupanda kuelekea kambini. "Nafunga hema langu. Sitakaa mahali ninapoitwa mwongo."

Nyuma, Redio akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote, "Fundi cherehani kashona njia, kasahau pindo." Baadhi wakacheka. Kiberiti alimgeukia ngumi imekunjwa, lakini mkono ukagoma kwenda. Angempiga kwa kosa gani? Redio alikuwa anamcheka mtu asiyehusika, na aliyempa cha kuchekea ni yeye.

Mama, ambaye alikuwa akijifunga bandeji, aliinua macho. "Kiberiti. Mkimbilie mjomba wako. Mwambie mimi sijamlaumu. Mwambie asiondoke hivi."

Alimkuta Mjomba anakunja hema. Mikunjo yake ilikuwa sawa kabisa, kona juu ya kona, kama anakunja shati la mteja.

"Mama anasema usiondoke."

"Nimemsikia mama. Wewe unasemaje?"

Alichokitoa Kiberiti kilikuwa hasira, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. "Kwa nini hukusema? Unajua ni mimi. Ungesema tu, yangekwisha."

"Ningesema nini?"

"Kwamba ni mimi."

"Una mdomo. Jana ulisikika mpaka huku juu ukishangilia goli lako."

"Unanikomoa."

"Ndiyo, nakukomoa," Mjomba alisema, na kwa mara ya kwanza maishani Kiberiti akaona macho ya mjomba wake hayana mzaha hata chembe. "Nina hasira na wewe. Umenidanganya machoni, nikakusifu mbele ya watu kama mjinga. Baba yako amenivua nguo hadharani kwa kosa lako. Nikikutaja, wewe utakuwa umetajwa, basi. Hutakuwa umekiri chochote. Sitakuibia nafasi hiyo."

"Nilikuwa na hasira, Mjomba. Mechi, na Redio, na..."

"Na mimi sina hasira sasa hivi? Umeniona nikijaza udongo mahali?" Alichukua kamba, akaanza kulifunga hema. "Nikimaliza fundo hili ninashuka kwa njia ya upande wa pili. Na nikishuka hivi, Kiberiti, baba yako na mimi hatutakaa tena meza moja. Najijua mimi, na yeye namjua."

Kiberiti alitazama kamba ikizunguka. Nyumbani kwao Mjomba alikuja kila Jumapili. Mama yake hucheka siku hiyo kuliko siku nyingine zote za juma. Aliziona Jumapili zijazo, mama ameketi anatazama mlango, na yeye mwenyewe anajua kwa nini hakuna anayebisha hodi.

Aligeuka akakimbia kuteremka. Hakupiga moyo konde wala hakupanga maneno. Alifika akihema, katikati ya watu, mbele ya baba yake.

"Ni mimi niliyejaza," alisema. "Mjomba alikwenda kuchukua mtaimbo. Aliniambia nisiguse. Nilijaza udongo nikafunika mwamba, aliporudi nikamdanganya kwamba lilikuwa jiwe. Nilitaka kuwahi fainali."

Redio mwenyewe alikuwa mdomo wazi na hakuna kilichotoka.

Baba alimtazama kama mtu anayesikiliza injini yenye mlio asioujua. "Kwa hiyo ulicheza mpira," alisema mwishowe, "juu ya mguu wa mama yako."

Angempiga kofi, Kiberiti angelistahimili. Maneno yale hayakustahimilika. Alimwendea mama yake, akapiga magoti kwenye tope. "Nisamehe, Mama."

"Mguu utapona," mama alisema. Hakutabasamu wala hakumgusa kichwa kama kawaida yake. "Lakini kesho wangepita Twiga na wadogo zake. Ungemwambia nini mama yao, kwamba mlishinda?" Kisha akamgeukia mumewe, na sauti yake ile ndogo ikawa kali kuliko kelele zote za asubuhi ile. "Na wewe. Umemtukana ndugu yangu mbele ya mtaa mzima bila kuuliza swali la pili. Matusi uliyatoa hadharani. Msamaha hutaunong'ona kambini."

Baba alisimama, taya likimcheza. Ilikuwa vita, kila mtu aliiona usoni mwake. Halafu akapanda mlima kwa hatua ndefu na watu wakamfuata. Mjomba alikuwa ameshalitupia hema begani.

"Mlionisikia nikimtukana shemeji yangu, nisikieni tena," Baba alisema kwa sauti ileile kubwa. "Nilikosea. Kosa ni la nyumbani kwangu. Nilimhukumu kwa kazi yake, na kazi yake ninaivaa. Shemeji, nisamehe."

Mjomba akashusha hema chini. "Nimekusikia. Bado nina hasira."

"Una haki."

"Basi tushuke. Mwamba haujahama."

Bibi Misitu alikuwa tayari ameweka vigingi pande zote mbili za mwanya. "Hapiti mtu hapa mpaka pakatwe," alisema. "Na jioni ni lazima tupite, tuna wazee na watoto, na muuguzi wetu hawezi kuzunguka upande wa pili kwa mguu ule. Mtaimbo hauna pa kushika. Panatakiwa patasi na nyundo. Mmoja ashike, mmoja apige."

"Nitapiga mimi," Kiberiti alisema.

"Na nani atakushikia patasi? Nyundo ikiteleza, inavunja vidole."

Wanaume walitazamana. Baba alisogea, lakini Mjomba alikuwa ameshapiga goti, mkunjo wa suruali ukazama kwenye tope, akaisimamisha patasi juu ya mwamba.

"Mjomba, hapana," Kiberiti alisema. "Hivyo ni vidole vya kushonea."

"Nilikwambia jana, huyu tutamvunja wawili. Piga."

Alipiga. Pigo la kwanza lilikuwa la woga, likagusa tu. La pili lilikuwa la hasira tupu, nyundo ikateleza pembeni, ikapita karibu na kidole gumba cha Mjomba. Mjomba alifumba macho, akayafumbua. Patasi haikusogea.

"Umekasirika?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Vizuri. Kasirika, lakini tazama kichwa cha patasi. Usinitazame mimi, wala Redio, wala jua. Kichwa cha patasi tu."

Kiberiti alipiga. Hasira haikwenda popote, ilikuwa palepale kifuani, inawaka. Ila sasa kila pigo ilibidi apumue kwanza, alenge, ndipo aiachie. Kipande cha kwanza cha mwamba kiliruka na kuanguka bondeni, cha kweli safari hii. Walipumzika pamoja, lakini kazi hawakubadilishana. Baba alichota vifusi na kuvitupa mbali. Redio alikuja bila kuitwa, akaanza kubeba maji, na kwa kitambo kirefu hakusema neno, jambo ambalo mama yake alilishangaa waziwazi. Viganja vya Kiberiti vilitoka malengelenge, yakapasuka, akavifunga kitambaa akaendelea.

Jua lilikuwa limeinama Bibi Misitu alipoulaza ufito. Ulienea wote kwenye jiwe gumu na ardhi ngumu. Alirukaruka pale ukingoni na buti zake, akakaza macho, akaruka tena. "Hii ni njia," alisema.

Mama akapita wa kwanza, mkono mmoja begani kwa mumewe. Alipofika katikati alisimama akausikiliza mguu wake mzima ukikanyaga, akamtazama binti yake, akaitikia kwa kichwa mara moja, akaendelea. Nyuma yake wakafuata wazee, watoto waliosinzia migongoni, na watu wenye sufuria na hema. Hakuna aliyepunguza mwendo.

Kiberiti na Mjomba walibaki wa mwisho, wakikusanya vyombo.

"Bado una hasira na mimi?" Kiberiti aliuliza.

"Ninayo kidogo. Itaisha yenyewe, usiiharakishe." Mjomba alinyoosha mikono yake mbele yake, akaigeuza huku na huku. Ilikuwa imechubuka na kujaa vumbi la jiwe. "Nitazame vizuri, nikuambie jambo moja ulishike. Mchana kutwa umepiga nyundo ukiwa umekasirika, na vidole vyangu viko vyote. Kwa hiyo usiniambie tena, wala usijiambie, kwamba hasira ndiyo iliyojaza ule udongo. Hasira haina mikono. Mikono ni yako. Na mikono yako ikishafanya kitu, kiwe kizuri, kiwe kibovu, useme ni chako kabla hajabebeshwa mwingine."

"Nimesikia, Mjomba."

"Haya, beba mtaimbo. Jana niliubeba mimi bure."